Mama amesaini DNR, kaka ameificha karatasi

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Dallas, Texas, na mume wangu na watoto. Mama yangu ana miaka 81. Tulimleta huku baada ya baba kufariki, na tangu hapo anakaa kwangu. Moyo wake umechoka. Daktari anasema hausukumi damu vizuri, na sasa figo nazo zimeanza kulegea. Miguu inavimba, usiku hawezi kulala chali, na kila baada ya muda tunampeleka hospitali mapafu yamejaa maji.

Mara ya mwisho alipolazwa, mama mwenyewe alimuuliza daktari, mimi nikitafsiri, kama moyo huu utapona. Daktari akavuta kiti, akamweleza pole pole. Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema moyo wake ukisimama asibonyezwe kifua wala asitiwe bomba kooni, aachwe aende kwa Mola wake anasomewa. Ikaletwa karatasi ya DNR, yaani ya kukataa kurudishwa moyo ukishasimama, akasaini, daktari akasaini, na mashahidi wawili. Tuliporudi nyumbani tukaibandika kwenye friji kama tulivyoagizwa.

Kaka yangu mkubwa, ambaye naye anakaa hapa Dallas, hakuwepo siku ile. Alipoiona alikasirika sana. Akasema huko ni kujiua na kwamba mimi nimemtia mama maneno mdomoni kwa kuwa ndiye niliyetafsiri. Akasema pia watu wa Mombasa watatuona tumechoka kumlea.

Sasa juzi alfajiri mama alianguka akitoka kutawadha. Wifi yangu alikuwa amelala kwetu, akapiga 911. Watu wa ambulensi walimkuta anapumua, alhamdulillah, presha ndiyo iliyoshuka. Lakini mmoja wao, huku anambandika nyaya kifuani, akaniuliza kama mgonjwa ana DNR. Nikakimbilia friji. Haipo! Kaka amekiri kwamba aliichukua, iko ndani ya gari lake, na hairudishi. Dada yetu aliyeko Mombasa naye ananitumia sauti za WhatsApp analia, anasema kama tumechoka tumrudishe mama nyumbani. Mama mwenyewe anasema angependa kurudi kwao kabla ya siku zake, ila sijui kama anaweza safari.

Shangazi, nifanye nini na kaka? Je, ni kweli hii ni dhambi? Na siku hiyo ikifika nikiwa peke yangu na mama, nimpigie nani?

Ni mimi, Kitinda mimba, Dallas

*

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Pole kwa uuguzi. Kumuuguza mzazi ugenini, ukiwa ndiye mkalimani, dereva na mpishi wake, ni kazi inayomla mtu, na juu yake umeongezewa lawama. Nitaanza na karatasi, kwa kuwa hiyo haiwezi kungoja hadi kaka yako atulie.

Karatasi ile ni ya mama yako. Aliyesaini ni yeye, akiwa na akili timamu, na kwa sheria ya Texas yeye ndiye mwenye kuifuta. Anaweza kuifuta saa yoyote, hata kwa mdomo tu, hata akiwa amelala kitandani na watu wa ambulensi wamemsimamia. Akisema "nisaidieni, nimebadili nia", imefutika hapo hapo. Kaka yako anapaswa kulijua hilo, maana pengine anadhani mama amefungiwa mlango usiofunguka. Na ajue jingine: kuficha au kuharibu DNR ya mtu mwingine bila ridhaa yake ni kosa la jinai Texas. Sikuambii umpeleke ndugu yako polisi. Mwambie mara moja, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili tu, kisha usilirudie.

Wala usipoteze nguvu zako kuidai ile iliyomo garini. Piga simu kwa daktari wa mama leo, uombe nakala. Texas inakubali nakala sawa na karatasi yenyewe. Ikifika, iangalie vizuri kabla ya kuibandika: fomu ya Texas inataka kila aliyesaini juu asaini tena sehemu ya chini, na wengi husahau. Ikikosekana saini, mhudumu akiona shaka ataanza kubonyeza kifua, na hana kosa, ndivyo alivyofundishwa. Nakala moja iwe kwenye friji, nyingine nyuma ya mlango wa chumba cha mama, nyingine ndani ya mkoba anaokwenda nao kliniki. Tena kuna bangili ya chuma yenye maandishi ya DNR ya Texas. Mama akiivaa, watu wa ambulensi wataifuata hata kama karatasi haionekani. Muulize kama angeipenda. Hakuna atakayeiondoa mkononi mwake bila yeye kujua.

Sasa tuzungumze kuhusu kile alichokikataa, maana nadhani ugomvi wenu umekaa hapo. Kaka yako akisikia DNR anasikia "msimtibu mama". Sivyo. Fomu ya Texas inataja mambo matano: kubonyeza kifua, kuushtua moyo kwa umeme, kuuendesha moyo kwa mashine ya umeme kupitia ngozi, kutia bomba la hewa, na kupumulishwa kwa mashine. Basi. Oksijeni ya puani hajaikataa, dripu hajaikataa, dawa za kutoa maji mapafuni hajazikataa, wala kitanda cha hospitali. Akipaliwa na tonge la wali, apigwe mgongoni kama mtu mwingine yeyote. Akianguka na kuvunjika nyonga, ipigwe 911. Wifi yako alfajiri ile alifanya sawasawa kabisa, na ningependa umwambie hivyo, kwa sababu huenda naye anajiona yuko katikati ya vita visivyokuwa vyake.

Na hayo matano yakoje? Nilikuwa muuguzi wa chumba cha dharura kwa miaka mingi huko Houston, nayaeleza kama nilivyoyaona. Moyo ukisimama nyumbani, mtu hutolewa kitandani akalazwa sakafuni, kwani godoro linabonyea. Nguo ya juu hukatwa kwa mkasi. Mhudumu hupiga magoti, akaweka viganja katikati ya kifua na kukishindilia kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kupumzika. Kwa mzee wa miaka 81 mbavu mara nyingi huvunjika, na anayebonyeza huzisikia zikivunjika chini ya mikono yake. Anaendelea, kwa sababu akilegeza damu haifiki kichwani. Mwingine anapitisha bomba kooni. Mwingine anatoboa mfupa wa mguu chini ya goti ili apate njia ya dawa. Watoto wa mgonjwa husukumwa ukumbini, si kwa ukatili, chumba ni kidogo na watu ni wengi.

Kwa kijana aliyezama kwenye bwawa, au baba wa miaka 50 aliyeanguka ghafla kazini, hayo yote yanastahili, na nimewaona walioamka wakaenda kwao kwa miguu yao. Ndiyo kazi iliyokusudiwa mwaka 1960, pale William Kouwenhoven na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, walipoeleza namna ya kuurudisha kwa mikono moyo uliosimama ghafla. Haikuchukua muda akaanza kubonyezwa kila anayefariki, hata ambaye ugonjwa ulikuwa umemaliza viungo vyote, na mwaka 1974 miongozo ya Chama cha Moyo cha Marekani (American Heart Association) ikatamka wazi kwamba si njia ya kumfanyia mtu ambaye kifo chake kimetarajiwa kwa ugonjwa usiopona. Hata tukiwachanganya wote, wazima na wagonjwa, Marekani watu wanaosimama moyo nje ya hospitali, wakashughulikiwa na ambulensi, wanaotoka hospitalini wakiwa hai ni kama mmoja katika kumi. Kwa moyo ulioishiwa nguvu na figo zinazofuata, idadi hiyo hushuka sana, na anayerudi mara nyingi hurudia kwenye mashine ya kupumulia, mikono imefungwa asiling'oe bomba. Mama yako alielezwa hayo akachagua. Tumezoea kusema mgonjwa haulizwi uji. Huyu ameulizwa, na amejibu.

Kuhusu dhambi. Mimi si sheikh, na nakusihi umtafute mwenye elimu mnayemwamini nyote wawili, wewe na kaka, mwende pamoja. Lakini msiende mikono mitupu. Kamati ya Kudumu ya Utafiti wa Kielimu na Fatwa ya Saudi Arabia imeshalijibu swali hili katika fatwa namba 12086: madaktari watatu bingwa na waaminifu wakikubaliana kwamba kumrudisha mgonjwa hakutamfaa, inajuzu kuacha mashine na ubonyezaji. Kumbukeni pia hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya yule mwanamke mweusi mwenye kifafa aliyemwendea Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, amwombee apone. Akahiyarishwa: asubiri apate pepo, au aombewe afya. Akachagua kusubiri, akaomba tu asiwe anafunuka mwili anapoanguka. Wanazuoni wengi wameitumia hadithi hiyo kueleza kwamba kutibiwa si faradhi katika kila hali. Kujiua ni kuleta kifo kwa mkono wako. Mama yako hajaleta kitu. Maradhi yapo na dawa anakunywa, kilichobaki amemwachia Mwenye nacho.

Nami nina hoja yangu, ambayo ningemwambia kaka yako uso kwa uso. Mama amesema anataka kwenda anasomewa. Mtu anayebonyezwa kifua hawezi kuelekezwa kibla. Hawezi kutamkishwa shahada akiwa na bomba kooni. Yasini itasomewa wapi, ukumbini? Kaka yako, ambaye dini inamuuma kiasi hiki, ndiye ninayemwona amekaa karibu na sikio la mama saa hiyo. Mpe nafasi hiyo. Mwambie kabisa: "Kaka, mama atakuhitaji wewe umtamkishe." Mtu anayepigana na karatasi huenda anatafuta kazi ya kufanya, hajaiona.

Lakini kuna neno lake moja ambalo sitalitupa: kwamba mtafsiri ulikuwa wewe. Hapo ana haki ya kuuliza. Si kwamba ulidanganya. Binti anayetafsiri habari za kifo cha mama yake hulainisha hapa, huruka pale, machozi yakija hukata maneno. Hospitali na kliniki za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, na Kiswahili kinapatikana kwa simu au video. Omba miadi mpya na daktari. Eleza kwamba mnataka mkalimani wa Kiswahili, na kama atapatikana wa Kenya au Tanzania ni bora zaidi kwa mama, maana Kiswahili cha Kongo kitamchosha kukifuatilia. Kaka aje. Dada wa Mombasa awekwe kwenye simu, hata kama huko ni usiku. Nyinyi watoto mkae kimya, mama aulizwe upya.

Na aulizwe vipi, hilo zungumza na daktari mapema. Ukimwuliza mzee, "Je, unataka tukuache ufe?", atajibu kwa kuwaonea watoto huruma. Ukimwuliza, "Unataka tufanye kila kitu?", nani atasema hapana mbele ya wanawe? Aulizwe kwanza yeye mwenyewe anauelewaje ugonjwa wake, na nini anakiogopa kuliko vyote. Halafu aelezwe wazi kinachofanyika moyo ukisimama, na kwa hali yake kunatarajiwa nini. Kisha aachwe anyamaze anavyotaka. Akilirudia lile lile alilosema mwanzo, kaka atakuwa amelisikia kwa masikio yake, na lawama juu yako itakuwa imekwisha. Akisema jingine, basi karatasi ifutwe, nawe ulipokee hilo kwa moyo mweupe. Nalisema kwa sababu wewe nawe umeshaanza kuipigania karatasi, na anayepiganiwa ni mama.

Siku hiyo hiyo, mama aandike wakala wake wa mambo ya tiba, yule atakayemsemea akishindwa kusema. Texas hati hiyo husainiwa mbele ya mashahidi wawili au mbele ya notari. Asipomteua mtu, na kwa kuwa baba yenu hayupo, sauti inakwenda kwa watoto watu wazima wote wanaopatikana, na hapo mtaanza kuvutana mlangoni kwa chumba cha wagonjwa mahututi. Amchague amtakaye. Akimchagua kaka, usinune.

Sasa lile swali la kumpigia nani. Hujaniambia kama mama ameandikishwa hospisi, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa anayekaribia mwisho wa maisha yake. Kama bado, muulize daktari kwenye miadi hiyo hiyo. Hospisi Marekani humfuata mgonjwa nyumbani kwake: muuguzi anakuja, dawa zinaletwa, kitanda cha kuinuka kinaletwa, na ipo namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana. Huandikishwa mtu ambaye madaktari wanakadiria, kwa mwendo wa ugonjwa wake, amebakiwa na miezi 6 au chini ya hapo. Wako wanaoishi zaidi, na huendelea kuhudumiwa. Hospisi zinazolipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, haziruhusiwi kumshurutisha mgonjwa kuwa na DNR, kwa hiyo kaka asidhani hiyo ni njia nyingine ya kumsainisha mama. Kuhusu malipo, ongea na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujakata tamaa, hasa kama mama hajatimiza muda wa ukaazi unaotakiwa.

Ukiwa na hospisi, pumzi ikibana usiku unawapigia wao. Watakuelekeza kipimo cha mofini cha kuweka chini ya ulimi, na usiiogope: kwa kipimo cha daktari inatuliza ile hofu ya kukosa hewa, na mgonjwa wa moyo hakuna anachokiogopa zaidi. Muuguzi atakuja. Na moyo ukisimama pia unawapigia wao, muuguzi atakuja kuthibitisha, hakuna haja ya king'ora barabarani. Iandike namba hiyo kwa kalamu nene karibu na karatasi kwenye friji, umwonyeshe mume, wifi, na watoto wakubwa. Bila hospisi, ukipiga 911 watafika na kufanya kazi yao, na jambo la kwanza la kufanya ni kuwapa karatasi mkononi wakiwa mlangoni, kabla hujaeleza chochote. Wakiiona baada ya kuanza, bado wanaweza kusimama.

Mwisho, safari ya Mombasa. Sitakuambia haiwezekani. Ila uliza sasa, mama akiwa bado anakaa kwenye kiti, kwa sababu mgonjwa wa moyo dirisha la kusafiri hujifunga bila kubisha hodi. Shirika la ndege litataka fomu iliyojazwa na daktari, na mgonjwa anayehitaji oksijeni hupangiwa mapema. Usitarajie wahudumu wa ndege wafuate karatasi ya Texas wakiwa juu ya Atlantiki. Wakiona mtu amezimika watambonyeza. Mama aambiwe hivyo, akubali au akatae. Kenya nayo fomu ile haina nguvu yenyewe, kwa hiyo daktari wa Dallas aandike barua ya kueleza ugonjwa, dawa na uamuzi wa mama, na dada yako, badala ya kulia WhatsApp, apewe kazi: amtafute daktari wa huduma shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa asiyepona, huko Mombasa, aipeleke barua hiyo kabla mama hajapanda ndege, aulize mofini ya maji inapatikana wapi na chumba cha chini ambacho mama hatapanda ngazi kiko kwa nani.